Mgeni Aliyefagia Mzimuni

Dirisha la chumba changu mjini linatazama ukuta wa jirani, na juu ya ukuta ule, mtu akijipinda shingo, anaona tawi la mkungu. Tawi moja tu, mti wenyewe hauonekani. Utoto wangu wote huo ndio uliokuwa msitu wangu. Majani yakiwa mekundu nilijua yanakaribia kuanguka, na yakianguka niliyasikia yakikwaruza sakafu ya ua wa watu. Usingizini nilikuwa naingia ndani ya tawi lile kama mtu anavyoingia mlangoni, na ndani mkawa na miti mingine, na maji yaliyosimama kimya, na mwanga wa kijani usiojulikana unatoka wapi.

Kwa hivyo mjomba alipokuja kumwambia mama, "Nipe mwanao likizo hii, nina kazi naye Jozani," nilihisi kama kuna mtu aliyekuwa akisikiliza ndoto zangu nyuma ya pazia. Kumbe nyuma ya pazia nilikuwa mimi.

Mjomba ni bwana misitu, na anakaa huko huko Jozani na mkewe, mkaza mjomba wangu, ukingoni mwa msitu. Alieleza kwamba anakuja mgeni, mwanamke wa Kizungu, kijana bado, anatoka Ulaya kuja kujitolea. Atawafuata kima punju kutwa, aandike wanakula nini na wanalala wapi, na atasaidia kupanda miche pale miti ilipokatwa. Ruhusa ya serikali anayo. Ila Kiswahili chake cha kitabuni, na si vizuri mwanamke peke yake ashinde msituni na wanaume. Anatakiwa msichana wa skuli anayejua Kiingereza.

"Huyu?" mama akasema. "Huyu hata dukani akitumwa ananunua kwa ishara."

"Basi ndiye hasa. Kima nao hawapendi makelele."

Wakacheka. Mie nikaumia kidogo, kwa sababu ni kweli. Nipo kidato cha tatu, Kiingereza nakisoma na kukiandika, lakini kukisema mbele ya mtu ni jambo jingine. Hata Kiswahili changu hunikwama. Na ipo lugha ya tatu ambayo mjomba hakuwa na habari nayo, kwani yeye ni wa upande wa mama. Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Makunduchi, na kila alipokuja kwetu alinisemesha kwa lugha ya kwao, Kikae. Nilipoanza skuli nililitamka neno lake moja darasani, wenzangu wakacheka mpaka mwalimu akaweka chaki chini. Tokea siku ile lugha ya bibi nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Tulimpokea mgeni kiwanja cha ndege, Kiembe Samaki. Alikuwa mrefu, mwembamba, pua imeshaungua na jua kabla jua halijampata sawasawa. Alishuka na mkoba mmoja na mabuti ya mpira ameyafunga kamba, ameyatundika begani. Akanipa mkono, akasema, "Hujambo, rafiki yangu mwema," kama anasoma. Nikatikisa kichwa. Njia nzima ya kwenda Jozani tulikaa nyuma ya gari ya misitu bila kusemezana, na kila tulipoangaliana tulicheka. Nafikiri urafiki wetu ulianzia hapo, maana nilitambua kwamba na yeye haya zinamsumbua.

Mkaza mjomba, ambaye hana haya hata kidogo, alimzunguka mgeni kama anayechagua kitanda.

"Halipwi?"

"Halipwi," mjomba akajibu.

"Kwani kwao hakuna msitu?"

"Upo."

"Wanyama hakuna?"

"Wapo."

"Basi kakimbia nini?"

Nilitakiwa nifasiri. Nikamwambia mgeni kwamba mkaza mjomba anauliza kama njia ilikuwa nzuri.

Masika yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha, na Jozani baada ya masika ni nchi ya namna yake. Maji hutuama chini ya miti, meusi na safi, na miti yote inakuwa miwili, mmoja unapanda na mmoja unashuka. Tulikuwa tunatembea baina yake asubuhi, mabuti yakinong'ona majini, na mara nyingine nilisimama kwa sababu sikuwa na hakika ni upi upande wa juu. Mitondoo inaangusha matunda yake ya duara, na kila tunda likianguka mbingu ya chini inatetemeka, kisha inatulia tena. Mchana mwanga unaingia umechujika, wa kijani, na mikono yetu inakuwa ya kijani, na uso wa mgeni pia. Nilikuwa nikijiuliza kama nimeshawahi kuamka kweli.

Na juu yetu kima punju. Mgongo mwekundu kama kutu, shungi jeupe kichwani, uso mweusi wa mtu aliyekatizwa mazungumzo. Punju maana yake sumu. Watu wa huko wanasema mti wanaoula kima hao hunyauka, na mbwa akila nyama yao manyoya humtoka. Hawana gumba mkononi. Mgeni alinionesha hilo kwa kukunja gumba lake mwenyewe na kujaribu kushika kalamu, na kalamu ikamtoka, na tukacheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

Alikuwa na mmoja anayempenda kuliko wote, mama mwenye sikio lililochanika. Mwanawe ndiyo kwanza kazaliwa, tulimwona kwa mbali sana, kitu cheusi kimemgandia kifuani kama kifungo. Kila siku tulikuwa tunangoja asogee karibu. Jambo moja lilimshangaza mgeni. Midomo ya kima hao ilikuwa na weusi, na si weusi wa ngozi, ni kama wa masizi. "Wanakula nini?" alikuwa akiniuliza, kwa Kiswahili chake kinachotembea polepole. Mie nilijuaje? Kwetu kuna tawi moja.

Alikuwa na ada yake nyingine. Hawezi kupita taka bila kuinama. Kibati, karatasi, kipande cha kamba, vyote anatia mfukoni. Alinambia kwamba huko kwao mtu anayejitolea msituni kazi yake ya kwanza ni kuokota vilivyotupwa na watu. Mkaza mjomba akimwona jioni anaumwaga mfuko wake shimoni, anasema, "Masikini, mama yake kamlea vizuri," na anarudi kwenye chungu chake.

Ikaja Ijumaa. Ijumaa haingii mtu msituni. Mjomba alikwenda msikitini mapema, mkaza mjomba alikuwa jikoni, na mie nikapewa nazi nikune. Mgeni aliambiwa leo mapumziko, akaitikia. Lakini kwake yeye mapumziko ni kutembea, na tulipokuja kugundua hayupo alikuwa ameshatoka na ufagio wa chelewa na gunia.

Alirudi adhuhuri, kalowa jasho, kafurahi kama aliyefaulu mtihani. Akazunguka nyuma ya nyumba. Tukasikia maji yanamwagika. Baada ya muda mkaza mjomba akatoka uani na ungo wa mchele, anapepeta huku anaimba chini chini, akageuka upande wa kamba ya nguo, na ungo ukamtoka mkononi.

"Mwanangu," akaniita.

"Naam."

"Njoo uangalie kama macho yangu ni mazima."

Kwenye kamba, baina ya kanga zake na taulo la mgeni, vilikuwa vimeanikwa vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, vinadondoka maji. Dirishani mwa mgeni kilisimama chetezo cha udongo, kile cha kufukizia ubani, na ndani yake kalamu zake za risasi zimepangwa vizuri. Gunia lilikuwa limeshamwagwa shimoni, na shimo limejaa vigae vya vyungu, maganda ya mayai, na makaa.

Hakuna mtu wa hapa ambaye asingejua ni vitu vya wapi. Ndani ya msitu, chini ya mtondoo mkubwa, lipo pango dogo la jiwe. Ndipo mzimuni. Watu wa kijijini huwapelekea wenyewe wa mahala pale uji na ubani, huwafungia vitambaa, na vilivyopelekwa haviondoshwi. Hubaki mpaka viishe vyenyewe. Mgeni aliona pango, akaona vigae na matambara, akahuzunika kwa jinsi watu walivyopachafua mahali pazuri vile, na akapafagia.

Mjomba aliporudi alikaa kizingitini na kanzu yake ya Ijumaa, kofia mkononi.

"Kapafagia?"

"Kapafagia," mkewe akasema.

"Pote?"

"Mpaka pembeni. Na ufagio wangu."

Kabla ya alasiri habari ilikuwa imeshafika kijijini, na kabla ya magharibi jibu lilikuwa limeshakuja. Lilitoka kwa mvyale, bibi ambaye ukoo wake ndio wenye dhamana ya mzimu ule tokea zamani. Asiingie mtu msituni, na mgeni arudi alikotoka. Wanawake wanaotunza miche ni wa kijijini, na wao kesho hawaji. Bila ya wao hakuna wa kupanda.

"Si una ruhusa ya serikali?" mkaza mjomba akamuuliza mumewe.

"Ya serikali ninayo. Ya bibi yule sina."

Nilimfasiria mgeni, neno kwa neno safari hii. Alikaa chini pale pale uani. Hakulia kwa sauti, ila machozi yalikuwa yanamtoka na yeye hayafuti, kama hakuyajua. Na mie, niseme kweli, nilikuwa nafikiria dirisha langu. Mgeni akiondoka, mie nina kazi gani Jozani? Nitarudi kwenye ukuta wa jirani, na yule mtoto wa kima atakua bila ya sisi kumwona uso.

Asubuhi mjomba akatuchukua kwa mvyale. Nilitegemea mtu wa kutisha. Nikakuta bibi mfupi, mnene, kavaa leso ya rangi ya manjano, amekaa kwenye jamvi anasuka ukili, na shoga yake pembeni anamchambulia ukindu. Vidole havikusimama tulipoingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Shikamoo," mgeni naye akasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mfagiaji?" Akamtazama juu mpaka chini. "Mwambieni na nyumba yangu chafu. Ufagio ule pale."

Hata sijafumbua kinywa, mgeni alikuwa ameshainuka. Maneno yale alikuwa anayajua, nyumba, chafu, ufagio. Akauchukua, akainama, akaanza kufagia ua wa mvyale kwa bidii, anarudi nyuma kinyumenyume kama alivyofundishwa na mkaza mjomba. Mjomba akafunika uso kwa kofia.

"Ewe! Nani kamwambia afagie?"

"Wewe, bibi," shoga akasema.

"Mie nimemtukana!"

"Basi kakutii."

Ukili ukasimama kwa mara ya kwanza. Mvyale akamgeukia shoga yake, akasema naye kwa lugha yao, ambayo ni ndugu na ile ya Makunduchi. Alisema, mtoto wa watu huyu hana ubaya, ila hajafunzwa. Wa kulaumiwa ni hawa wa mjini waliomwacha, na hasa huyu msichana wao, amekaa hapa kama mtungi tokea alipoingia.

Sijui niliyatoa wapi. Nahisi sanduku lilifunguka lenyewe. Nikamjibu kwa Kikae cha bibi yangu, kile kile nilichochekewa skuli, kwamba mtungi huu una maji ndani, bibi, ila hakuna aliyenyanyua kifuniko.

 Mjomba alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

"Wa nani wewe?" mvyale akauliza.

"Mjukuu wa mtu wa Makunduchi."

"Makunduchi wapi?"

"Kiongoni."

"Ah," akasema, na hiyo ah ilikuwa ndefu, ikaenda mbali ikarudi. "Ndiyo maana una mdomo."

Basi mdomo ukafunguka. Nikamweleza yote kwa lugha ile, kwamba kwa mgeni kuokota taka ni heshima kwa mahali, kwamba vigae vyote vipo shimoni, havijavunjika zaidi, chetezo ni kizima. Nilipofika kwenye vitambaa nikasita.

"Vitambaa je? Kavichoma?"

"Kavifua, bibi."

"Kavifanya nini?"

"Kavifua. Kwa sabuni ya kipande. Na kavianika."

Mvyale aliuweka ukili chini. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akainama akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Shoga, umesikia? Miaka yote tunawapelekea nguo, hajatokea hata mmoja wa kuwafulia!"

Alipopumua vizuri akatoa hukumu yake. Vitu virudi vyote, kila kimoja alikichukulia wapi akirejeshe hapo hapo kwa mkono wake mwenyewe. Upikwe uji mtamu, upelekwe pamoja na ubani. Na ibishwe hodi, kwa sauti, kama inavyobishwa nyumbani kwa mtu, maana hilo ndilo alilolikosa tokea siku ya kwanza.

"Nitabisha mie," mjomba akasema.

"Wewe ni wa serikali, nyinyi mmezoea kuingia. Atabisha huyu mtungi. Na usinong'one. Mie nikisikia mtu ananong'ona mlangoni kwangu natoka na mchi. Ukibisha ukasikika, mwenzio aendelee na kima wake. Usiposikika, mjomba wako ampeleke Kiembe Samaki akapande ndege yake."

Tulikwenda kesho yake asubuhi, maji yamelala, hakuna upepo. Mkaza mjomba alibeba uji kichwani. Mgeni alibeba chetezo chenye moto, anatembea kama amebeba yai, na moshi wa ubani ulikuwa ukimfuata kwenye nywele. Nyuma yetu wanawake wa kijijini, wote wa vitaluni, na mbele mvyale, ameshika fimbo, leso yake ya manjano ikitembea na juu na chini ya maji. Tulipofika pale njia inapoingia kwenye giza la miti akasimama pembeni.

"Haya."

Nikafumbua kinywa. Hakikutoka kitu, hewa tu. Nikasikia wanawake wanahamisha miguu. Nikajaribu tena, na kilichotoka kingetosha kumwamsha siafu, basi. Mvyale akatazama juu, kama mtu anayengoja chai. Mgeni hakunitazama. Alikuwa anaangalia chetezo, anayapuliza makaa yasizimike.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Alipokuwa akitoka Makunduchi kuja kwetu mjini hakubisha mlangoni. Alibisha tokea kichochoroni, mbali, watu wa madirisha yote wakachungulia, na mama akawa anaona aibu, na mie, kabla sijafunzwa kuona aibu, nilikuwa nakimbia ngazi zote.

"Hodi!" nikaita. "Hodi wenyewe! Hodi!"

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa pana, ya kusini, imevutwa mwishoni. Ikaingia baina ya miti, ikagusa maji, ikaendelea. Nilihisi inatembea ndani mule, inapita kila tulipopita, mpaka kwenye pango. Kisha kimya. Tunda la mtondoo likaanguka mahali. Mbali huko juu kima akalia kidogo, kama anayepiga chafya, na tawi likatikisika.

Mvyale alisikiliza mpaka tawi likatulia.

"Piteni," akasema.

Mgeni alirejesha vitu kimoja kimoja, kapiga magoti, na kwa kweli alikumbuka kila kigae kilipokuwa, kwa sababu macho yake ni macho ya kukumbuka. Vitambaa aliviinua mvyale mwenyewe, akavinusa. "Vinanuka maua," akasema, akavifunga. Nyekundu ile mpya ilionekana mbali mno, kama mdomo uliofumbuka kwenye kijani. Makaa ya ubani yakaachwa pangoni, yakapoa.

Siku ya pili yake tulikaa kimya upande wa pili wa maji. Wakaja. Yule mama mwenye sikio lililochanika alishuka chini kabisa, mpaka kwenye jiwe, mwanawe kifuani. Akaingiza mkono wake usio na gumba pangoni, akatoa kaa lililopoa, akakaa akalitafuna taratibu, kama mtu anayekula kashata. Mtoto akanyoosha kidole, akaugusa mdomo wa mama, akakitazama kidole cheusi, kisha akatutazama sisi. Tukauona uso wake. Mgeni alinishika mkono akaubana, na hakuandika kitu mpaka walipoondoka.

Tokea hapo kila asubuhi tukifika kwenye giza la miti yeye husimama, ananingoja, na mie nabisha. Siku yangu ya mwisho akaniwekea mkono begani, akanitangulia, akajaza kifua hewa na akaita yeye, hodi ya ajabu, imepinda huku na huku, lakini ya sauti. Kutoka mashambani, ambako hata hatukujua kama kuna mtu, ikajibu sauti ya mvyale: "Karibu, mfagiaji!"

Sasa nipo dirishani kwangu. Yeye bado yuko huko. Jana alasiri upepo ulikuwa unalichezea tawi la mkungu, na majani yalikuwa yanageuka mekundu, na nikaona kule ndani yake mwanga ule ule wa kijani. Nikalibishia hodi. Sikunong'ona.

"Karibu!" mama akaitikia kutoka jikoni, na nikasikia anaweka mwiko chini. "Nani huyo wa Makunduchi?"

"Mie, mama," nikasema.